Sharks si wa Durban? Kombe la Ulaya wamelichukuaje?

Bin Mkoani: Asalamaleko. Jana barazani hapa Michenzani kijana kavaa jezi ya Sharks akatwambia hawa walichukua Chalenji Kapu ya raga ya Ulaya 2024, mie nkamcheka mpaka kahawa ikanimwagikia kanzuni. Durban iko Ulaya tokea lini?

Mtoto wa Shangani: Hajakudanganya yakhe. Timu za Afrika Kusini zimo vikombe vya Ulaya tokea msimu wa 2022/23. Fainali ilikuwa London uwanja wa Tottenham, Gloucester ya Uingereza kala 36 kwa 22 kwa Sharks. Ila hicho kikombe cha pili, kama Europa ya mpira, kikubwa ni Champions Cup.

Pweza Mkavu: Kuna na mchezo mwengine humo, ukishika nafasi ya tano kundini kule Champions hutoki, unashushwa huku kwenye mtoano wa timu 16. Bath ya Uingereza 2025 walishuka hivohivo wakenda kumpiga Lyon ya Ufaransa 37 kwa 12 fainali huko Cardiff, wakabeba kombe. Mie naona uonevu tu.

Bin Mkoani: Loh! Basi kahawa yake leo ntalipa mie. Lakini mbona mpira wanarusha nyuma?

Mtoto wa Shangani: Kwa mkono nyuma tu au ubavuni, mbele upige teke au ukimbie nao.