Rimoti ya ndege imekula mvua, stiki inaruka yenyewe. Na nyie mnazifunikaje masika haya?

foam_kigamboni
Wakuu salama? Naomba msaada maana nimechanganyikiwa. Jumamosi nilienda kurusha ndege yangu ndogo ya foam, ile ya kuendesha kwa rimoti, huku Kigamboni kwenye kiwanja cha wazi, asubuhi jua kali kabisa, saa tano hivi wingu likaanza kujikusanya upande wa baharini nikasema ngoja nimalizie hii betri moja tu, mnaijua ile "moja tu". Ndege iko juu kama mita 60 mvua ikashuka, sio manyunyu, mvua ya masika yenyewe, na gari nimeliacha kule mbali na huwezi kukimbia huku macho yako angani. Nikaipa mvua mgongo nikaiinamia rimoti kama mtu anayewasha kiberiti kwenye upepo, nikashusha, ndege haina hata mkwaruzo. Ila rimoti imenyeshewa kama dakika 6 au 7.

Nyumbani nikaipangusa nikaiwasha, ikawaka. Lakini kwenye ile kurasa ya kuonyesha chaneli (namba za kila stiki), stiki ya mafuta, yaani ya kasi ya mota, nikiiacha chini kabisa inacheza yenyewe, mara 0 mara 3 mara inaruka 8, na skrini ina ukungu kwa ndani. Mama watoto kasema weka kwenye mchele, iko kwenye mchele tangu jana.

Sasa, hiyo stiki itapona au nimeshaua? Na mnafunikaje, maana nikisubiri siku kavu nitarusha mwezi wa sita. Zamani ungevalisha rambo ukatoboa tundu yakaisha, ila rambo ndo hivyo tena tangu 2019. Kuna jamaa kaniambia nitumie ule mfuko wa silva wa kubebea vitu vya baridi, nitoboe pa kuingizia mikono.

fundi_bodi
Mkuu toa betri kwanza ndo uendelee kusoma. Umetoa? Haya. Hapo ulipokosea ni kuiwasha ikiwa bado mbichi, sio mvua. Maji peke yake yakikauka mapema mara nyingi yanaondoka salama, lakini yakikuta umeme unatembea kwenye bodi hapo ndo shaba inaanza kuliwa, baada ya wiki unafungua unakutana na ukijani kwenye miguu ya vifaa. Na kama ni ile ya betri 4 ndogo za AA angalia na zile springi zake, huwa zinaanza kuota kutu kabla ya kitu kingine chochote.

Mchele utoe ule wali. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya chipu, unachokupa ni unga unga unaoingia kwenye matundu ya stiki. Fungua skrubu za mfuniko wa nyuma, piga picha kabla hujachomoa waya wowote (usiseme utakumbuka, hutakumbuka), chukua spiriti ya isopropili ile ya 99 na mswaki laini usugue bodi taratibu. Ile ya 70 ya duka la dawa ina maji ndani yake, ukiikosa nyingine sio mbaya ila kausha muda mrefu zaidi. Halafu weka mbele ya feni siku mbili. Sio juani, na sio juu ya dashibodi ya gari, skrini itageuka nyeusi ulie. Vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu vikusanye, funga navyo kwenye kopo, hivyo vinafanya kazi kweli.

Na wewe uko Kigamboni, hewa ya hapo ina chumvi, rimoti ishajaa vumbi la chumvi kabla hata mvua haijaja, mvua imekuja tu kulikoroga likaingia ndani. Ukiona weupe weupe kwenye bodi osha kwanza na maji ya betri ndo ufuate na spiriti. Maji ya betri yale masafi, SIO asidi, soma chupa maana dukani vinakaa rafu moja.

Hiyo stiki sasa. Rimoti nyingi za bei ya chini zina voliumu ndani ya stiki, kitu kile kile cha kuongezea sauti kwenye redio ya zamani, kuna kijimguu kinatambaa juu ya kaboni. Uchafu ukiingia hapo inakwaruza, ndo hiyo kurukaruka unayoiona. Puliza ile spreya ya kusafishia kontakti, izungushe stiki mara hamsini, pumzika, rudia. Usipulize dawa ya kulegeza nati, inaacha mafuta yanayokamata vumbi. Rimoti za bei ya juu kidogo kama TX16S zina sensa za sumaku hazigusani, hazina huo ugonjwa wa kukwaruza, ila bodi yake inaoza kama bodi nyingine yoyote kwahiyo mwenye nayo asijione yuko salama.

Ikiendelea kuruka badilisha stiki nzima. Usije ukafanya kalibresheni ukadhani umetibu, kalibresheni inarekebisha katikati na mwisho wa stiki, haiondoi kuruka.

juma_drifti
Mi simu yangu ilizama kwenye ndoo nikaiweka kwenye mchele siku tatu ikapona, sijui mnaupinga kwa nini

fundi_bodi
Kaka ungeiweka kabatini siku tatu ingepona vilevile na mchele ungeupika

mswahili_leicester
Huku Uingereza tukisema tusubiri mvua iishe tutazeeka hatujarusha, kwahiyo hii mada naijua vizuri. Wazungu wana kitu kama mfuko mkubwa wa kuvalisha rimoti, juu una dirisha la plastiki unaona skrini na stiki, pembeni matundu mawili yenye lastiki unaingiza mikono. Ulitengenezwa zaidi kwa ajili ya baridi, vidole visigande, ila uliotengenezwa kwa kitambaa kisichopitisha maji unasaidia na mvua pia.

Kuhusu ule mfuko wa silva, USITUMIE. Ule mng'ao wa ndani ni alumini, na rimoti zetu za siku hizi zinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, alumini ni ukuta kwake. Plastiki ya kawaida mawimbi yanapita kama hakuna kitu. Mimi nilishajaribu kwa ujinga wangu na mfuko wa namna hiyo hiyo, nikaweka rimoti kwenye renji cheki, ile ya kupima umbali inayopunguza nguvu ya mawimbi, bila mfuko nilitembea hatua 30 na zaidi ndege inasikia, nikaivalisha mfuko hata hatua kumi sijafika vibawa vya mkia vya kugeuzia ndege vimeganda. Bora ujue chini kuliko ujue juu. Halafu wengi wanadhani mvua yenyewe hewani inakula signali, kwa umbali wetu wa mita mia tatu mia nne haikuli kitu cha kuhisi. Kinachokula ni miti iliyolowa ukirusha nyuma yake, na mkono wako ukiukumbatia juu ya antena, na ukiwa unajificha mvua unaukumbatia bila kujua.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekuambia mpaka kimkute: mfuko unasukuma swichi. Mkono unaingia, kitambaa kinavuta ile swichi ya kuruhusu mota, propela inawaka iko karibu na goti. Kwahiyo ingiza mikono kwanza, tulia, angalia swichi zote kupitia dirishani, NDIPO uchomeke betri ya ndege. Na kutoka ni kinyume chake. Mkanda wa shingoni upitishe ndani ya mfuko la sivyo unabeba uzito wote kwa vidole.

dada_boti_tanga
Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa boti, rimoti yangu inarushiwa maji kila wiki na ya chumvi tena. Huo mfuko wa kizungu msihangaike kuuagiza. Nendeni duka la vitambaa mkaombe ile nailoni ya mezani, ile nzito inayoona ndani, inauzwa kwa mita. Halafu koti la mvua la bodaboda lililochanika mgongo, mikono yake bado mizima na ina lastiki tayari, mpelekee fundi cherehani. Mimi wangu alinishangaa akauliza ni nguo ya nani hii isiyo na kichwa.

Mwambieni mambo mawili tu. Juu kusiwe na mshono kabisa, ikunjwe ianguke mbele na nyuma kama kitambaa cha meza, maana kila tundu la sindano ni bomba. Na chini asifunge. Nilifunga ya kwanza pande zote nikajiona mjanja, jasho la mikono likajaa ndani na joto hili la Tanga, dirisha likawa ukungu sioni hata stiki. Iache wazi chini hewa ipite, mvua haipandi juu.

wa_nakuru
Mimi sina mfuko, niko na mwavuli mkubwa nimeufunga kwa kiti na kamba, nakaa chini yake narusha. Upepo ukija kiti kinataka kuruka mbele ya ndege lakini ndio hivyo. Swali tu kwa mwenye mada, felisefu umeiweka aje? Kama rimoti ingezima ile Jumamosi ndege ingefanya nini? Yangu nimeiweka ikikosa signali mota inakufa kabisa na usukani unageuka kidogo, ianguke hapo hapo kwa shamba isiende kwa barabara. Wengi huacha vile ilitoka kwa boksi.

foam_kigamboni
Wakuu nimerudi, wiki mbili baadaye. Nilifungua, fundi_bodi ulijuaje, weupe weupe ulikuwepo chini ya bodi karibu na swichi ya kuwashia. Nikaosha kama ulivyosema, feni siku mbili, skrini imekuwa safi. Stiki imepungua sana lakini bado inaruka moja moja, sijairusha nayo, nimeagiza stiki nyingine na kwa sasa naendeshea kigari cha mtoto uani.

wa_nakuru umenitia aibu, nimeenda kuangalia felisefu, ilikuwa imewekwa ibaki pale pale stiki ilipokuwa mwisho. Yaani ingezima siku ile ndege ingeondoka na mafuta nusu kuelekea baharini. Nimeshabadilisha, nikatoa propela, nikazima rimoti makusudi kuhakikisha, mota ikafa.

Mfuko nimeshonesha, nailoni mita moja na koti la boda la jirani. Dada wa Tanga umesahau kutuambia kitu kimoja, nailoni ikiwa mpya ina mikunjo ya dukani, jua likitoka ghafla inang'aa huoni hata betri imebaki ngapi. Naipiga pasi au itayeyuka?

dada_boti_tanga
Itayeyuka! Itandike mezani juani kwa muda wa saa moja, itanyooka yenyewe.