Tupeane uzoefu: utakatifu na kurudisha kisicho chako

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Waebrania 12:14 inatuagiza kutafuta kwa bidii amani na watu wote, pamoja na utakatifu. Tukiutaja utakatifu, mara nyingi tunaishia kwenye mavazi, pombe na zinaa, nayo yana uzito wake. Lakini wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa Kikristo uliowaka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, walitazamia pia kwamba aliyeokoka angelipa madeni, angerudisha alichoiba na kuungama kwa aliyemkosea, kama Zakayo katika Luka 19:8. Aliyeliona jambo hili likitendeka kwao, atushirikishe.

Mjukuu, Kagera
Babu yangu alikuwa fundi seremala wa misheni, na mlango wa nyumba yake aliutengeneza kwa mbao za kazini ambazo hakuwahi kuzinunua. Alipookoka, aliung'oa mlango ule, akaubeba kichwani mchana kweupe na kuupeleka kwa msimamizi wake, huku bibi akitundika mkeka mlangoni msimu mzima wa masika. Bibi alituambia kwamba majirani waliomcheka siku ile ndio waliokuja baadaye kumwomba awatunzie fedha zao, maana wakati huo benki ilikuwa mbali.

Dada, Nyeri
Katika ushirika wetu tunasisitiza kutembea nuruni, yaani kuishi wazi bila kuficha dhambi, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Hata hivyo, nimeona kuungama kukienda kombo: dada mmoja alisimama akaeleza mbele ya wote jinsi alivyomchukia jirani yake, na jirani mwenyewe akazisikia habari hizo sokoni. Wazee walimrudisha kwenye Mathayo 5:23-24, wakamtaka amwendee jirani kwanza, kisha ndipo atoe ushuhuda, tena kwa ruhusa ya yule jirani. Naamini walifanya vema, kwa sababu moyo wa mmoja hausafishwi kwa kumchafulia mwingine jina.

Mhasibu, Dodoma
Kwangu mimi utakatifu unapimwa kwenye karatasi za posho. Nilikataa kusaini malipo ya safari ambayo haikufanyika, na tangu hapo sipangiwi safari hata zile za kweli. Mke wangu anajua sababu, nasi tumepunguza matumizi. Mniombee nisiwe na uchungu, kwa kuwa uchungu nao hutia unajisi.

Dada, Nyeri
Pole sana, kaka, tunakuombea. Nami nina swali: je, uliyemdhulumu akiwa amekwisha kufariki?

Mwanzisha mada
Hesabu 5:8 inamtaja jamaa wa karibu, na asipokuwapo, malipo yawe ya Bwana kwa ajili ya kuhani. Watafute watoto wake kwanza, dada, hata kama wamehamia mbali, kabla ya kuifikiria sadaka.