Amana yangu inazuiliwa kwa sababu ya notisi fupi

Mpangaji wa Roysambu: Habari zenu wandugu. Nilihamishwa kikazi hadi Eldoret kwa ghafla, nikampa mwenye nyumba notisi ya siku kumi badala ya mwezi mmoja uliotajwa katika mkataba. Kodi nilikuwa nimelipa hadi tarehe 30, siku niliyotoka, na tarehe 3 mpangaji mwingine akaingia. Hata hivyo, ananiambia kwamba amana yangu ya shilingi 18,000 imeishia kwenye notisi, na kwamba nimwongezee shilingi 6,000 za rangi. Je, ana haki hiyo?

Mwenye nyumba, Kasarani: Ndugu, notisi ulivunja, na hilo likubali. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 57, inataka anayepanga kwa mwezi atoe notisi isiyopungua kipindi hicho. Hata hivyo, isipokuwa mkataba umesema waziwazi kwamba amana hupotea, anachostahili mwenzangu ni fidia ya hasara aliyoipata, na nyumba iliyokaa tupu siku mbili haijamtia hasara ya shilingi 18,000. Akidai gharama ya dalali aliyemtafuta mpangaji mpya, mwombe risiti.

Dada wa Umoja: Kuhusu rangi, soma mkataba tena, kwa kuwa mikataba mingi ya Nairobi humtaka mpangaji aache nyumba imepakwa rangi. Kama hauna kipengele hicho, ukuta uliofifia au alama ya kiti kilichoegemea ni uchakavu wa kawaida, ilhali matundu ya misumari ya televisheni ni juu yako. Ulipiga picha ulipoingia na ulipotoka? Inaniuma sana kuona watu wakipoteza akiba yao kwa kukosa ushahidi mdogo kama huo.

Karani wa mawakili: Baraza la kodi za nyumba halitakufaa, kwa kuwa sheria yake inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Anza na barua ya madai: taja kiasi unachodai, ukubali kukatwa siku zile mbili pamoja na bili ya maji iliyobaki, kisha umpe siku 14. Akikaa kimya, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Beba mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa siku ulipolipa amana, na notisi yenyewe.