Nimeuziwa mitufaa "miwili" ambayo ni mti mmoja! Miaka saba imepotea

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Miaka saba iliyopita nilitaka matufaa uani kwangu. Muuza miche akaniambia mtufaa hauzai ukiwa peke yake, chukua miwili. Nikachukua miwili ya aina ya Red Delicious, miche ya kubebesha (kijiti cha mti mmoja kinaunganishwa kwenye shina la mche mwingine), imenyooka kweli kweli. Mwaka wa tatu ikachanua hadi majani hayaonekani. Tunda? Hata la dawa. Mwaka wa nne vilevile. Nikamrudia, akasema weka mbolea. Nikaweka, nikavuna majani.

Hapa ndipo panaponiuma. Miche yote ya kubebesha ya aina moja imetokana na vikonyo (vile vijiti vya kuunganisha) vya mti mmoja. Panda Red Delicious mia, una mti uleule mara mia, na Red Delicious haikubali chavua (unga wa maua) yake yenyewe. Kinachotakiwa ni aina mbili TOFAUTI zinazochanua wakati mmoja. Neno hilo moja muuza miche alilimeza.

Nikamrudia tena kwa upole (mke wangu anauita ujinga). Safari hii akaniuzia Jonagold, "aina nyingine kabisa hii". Nyingine kweli! Jonagold ina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi) badala ya mbili, kwa hiyo chavua yake karibu yote haifai kitu. Ilipoanza kuchanua ikapokea chavua ya miti yangu, ikazaa vizuri tu, na ile miwili ikabaki kutazama. Yaani nimejinunulia mgeni wa kula asiyeosha hata sahani. Nilipolalamika nikajibiwa: "Ulitaka aina tofauti, nikakupa."

Aliyeniokoa ni jirani, ana mtufaa mwitu, ule wa vitunda vikali visivyofika sentimita tano, ambao watu huuona pambo tu. Kumbe una maua mengi ajabu na chavua yake inafaa aina nyingi za matufaa, mradi maua yakutane. Akanikatia matawi matatu ambayo maua yake ndiyo kwanza yanafunguka, nikayatia kwenye ndoo ya maji, nikaining'iniza katikati ya Red Delicious. Zilizobaki ni kazi za nyuki. Mwaka huo nilipata matufaa 31. Ndoo imeshinda ushauri wote wa yule bwana!

Sasa mche mwingine sinunui. Nataka vikonyo vya mtufaa mwitu nivibebeshe kwenye tawi moja la kila mti, nimalizane na mambo ya ndoo. Shida ni kwamba vikonyo hukatwa mti ukiwa umelala, macho (vichipukizi) hayajavimba, na jirani yangu amehama. Aliyehamia ameukata ule mti wiki iliyopita, eti vitunda vinachafua ua.

Mwenye nao aseme hapa. Vikonyo vinne vinanitosha, na nitavifuata mwenyewe.