Mafundi wa Nakuru na Kisumu, lebo si ganda la ndizi! Mnatuharibia vikokotoo

Wadau, leo nina hasira, mnivumilie nikipayuka.

Niliacha HP-35, kikokotoo cha marehemu mjomba, kwa fundi mmoja pale Nakuru, jina namstiria. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Betri za nikeli na kadimiamu zilivuja zamani, zikala vile vibati vinavyogusa betri, mashine ikakataa kuwaka. Ni kufungua, kupangusa kwa siki (kinachovuja humo ni alkali, si asidi kama wengi mnavyoapa), kukausha na kufunga. Nimeichukua jana. Nikawasha, tarakimu nyekundu zikang'aa safi kabisa, nikafurahi. Halafu nikaigeuza mgongo.

Jamani!

Ile lebo ya nyuma, yenye maelezo madogo madogo ya jinsi ya kupiga hesabu, imetobolewa kwa bisibisi pale pale skrubu zilipojificha. Nadhani aliona matundu hayamtoshi, maana upande mmoja ameichokonoa kwa wembe hadi ikajikunja, kisha akaibandika tena kwa supaglu. Ukingo wote wa plastiki umeparara weupe kwa mvuke wa hiyo gundi. Kona ya chini mjomba alikuwa ameandika herufi za jina lake kwa wino. Alikuwa mpima ardhi, na hii mashine aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Hizo herufi hazipo tena. Zimekwenda na thina ya rangi pamoja na nusu ya maandishi ya kiwandani. Namwuliza fundi, ananijibu, "Bosi, si inawaka?"

Inawaka, ndiyo. Kama shida yangu ingekuwa kujumlisha na kutoa, si nina simu? Kikokotoo cha shilingi mia tano kiko kila duka la vitabu Kisumu nzima. Hii ni HP-35, ilitoka 1972, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kutia mfukoni. Iliuzwa dola 395 wakati dola moja ilikuwa kama shilingi saba. Piga mwenyewe uone ilikuwa pesa ngapi enzi hizo. Ukiitengeneza ndani ukaiharibu mgongo, hujaitengeneza. Umeigeuza spea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vifaa vya kuifanya kazi hii vizuri fundi anavyo mezani. Nimeviona kwa macho yangu! Fundi yeyote wa simu ana aisopropili (ile spiriti ya kusafishia), ana kile kibati chembamba cha kufungulia vioo, ana gundi ya B-7000. Mtu anayebandua kioo cha simu ya elfu themanini bila kukipasua anashindwaje na kipande cha lebo? Hashindwi. Anaidharau tu, maana simu ina mwenyewe atakayepiga kelele, na mashine ya zamani anaona ni takataka ya mzee fulani.

Sasa sikilizeni, na mwenye kujiita fundi asome hapa polepole. Gundi ya lebo hizi imekaa miaka hamsini. Ikiwa baridi inakatika vipandevipande, ikipata joto inalegea. Joto ninalosema ni la draya ya saluni, uvuguvugu ambao mkono wako unauvumilia, si ile bloa yenu ya kutolea chipu mnayoiweka digrii 350! Plastiki nyingi za mashine hizi ni ABS, na hiyo ikikaribia digrii 100 huanza kulainika, ukija kushtuka mgongo umepinda. Pasha kona moja, ingiza kitu chembamba kisicho na makali, kilale bapa kabisa, halafu ngoja. Uzi wa meno unafaa kuliko wembe, unausukasuka chini ya lebo huku unaongeza joto kidogo kidogo. Gundi ikigoma, tone la aisopropili pembeni, liachwe lijipenyeze lenyewe. Thina hapana. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, ndiyo hapana kabisa: inayeyusha ABS ukiiangalia.

Na usivute juu! Hapa ndipo wengi huharibu. Lebo ikiwa ya alumini, kama zile za mashine kubwa za mezani, ukiivuta kwa pembe kali inapata kunyanzi, na kunyanzi la alumini halitoki, hata uipige pasi mpaka Krismasi. Unaisukuma kutoka chini iinuke yote pamoja, ikiwa karibu kulala. Ikishatoka, ilaze juu ya ile karatasi yenye utelezi inayobaki nyuma ya stika. Si juu ya gazeti, fundi wangu. Nimeshawahi kuletewa lebo ina nusu ya matangazo ya vifo mgongoni.

Kurudisha ndiyo kazi rahisi, na ndiyo mnayoifanya vibaya kuliko zote. Toa gundi kuukuu yote, pande zote mbili, la sivyo vidonge vyake vitaonekana juu kama chunusi. Kisha tepu nyembamba ya gundi tupu, isiyo na sponji. Kampuni ya 3M wanayo inayoitwa 467MP, unene wake milimita 0.05, haiinui lebo kutoka kwenye kile kishimo chake. Tepu ya sponji ya kubandikia vioo vya bafuni inaiinua, kingo zinashika nguo, mwezi mmoja imebanduka. Supaglu nayo, mbali na kuchafua plastiki, ikiingia kwenye skrubu ndiyo basi. Atakayefungua baada yako atatumia nyundo.

Halafu kuna nyinyi mnaouza mitandaoni. Juzi nimeona tangazo, kikokotoo "orijino kila kitu", kumbe lebo imechapwa saiba, kwenye karatasi ya stika, na laminesheni juu yake! Herufi zenyewe si za kiwandani. Kuchapa nakala sikatazi, lebo ikiwa imekufa imekufa. Lakini sema ni nakala, na ile mbovu mpe mnunuzi ndani ya bahasha. Kuna mtu atalipa elfu kadhaa akidhani amepata kitu kizima.

Kuhusu yule wa Nakuru, nimemwambia anirudishie pesa ya kazi, ameniblu-tiki. Sitamtaja, ila nikiona hajibu hadi Ijumaa nakwenda mwenyewe na mashine yangu mkononi.

Mwenye HP-35 ambayo lebo yake bado nzima, tafadhali iskani bapa, rangi kamili, na rula kando yake, unitumie inboksi. Na kama kuna fundi kati ya Nakuru, Kisumu na Kakamega ambaye amewahi kubandua lebo ikatoka nzima, weka picha hapa, kabla na baada. Maneno matupu sitaki, na msinitume Nairobi, nauli nimeshaimaliza.