Amemrudisha askari wangu nyuma kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu!

Ndugu wanajamvi, nimetoka barazani sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Sitamtaja jina, kwa kuwa hakuna mcheza chesi wa Ngamiani, hapa Tanga, asiyemjua: yule anayekaa daima upande wa ukuta, ambaye kikombe cha kahawa hakimtoki mkononi wala nasaha hazimtoki mdomoni.

Leo nilipata kete nyeupe na, kwa heshima zote, nikamsogeza askari kutoka mraba wa b2 hadi b4. Mzee akautazama ubao, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mkono, akamshika askari wangu, narudia, askari WANGU, akamrudisha b2 na kusema, "Umekosea, mwanangu, anza upya." Baraza zima likacheka kicheko ambacho sina shaka kilisikika Pemba.

Nimekosea nini? Ufunguzi huo unaitwa Orangutani, na mcheza chesi mashuhuri Savielly Tartakower aliucheza dhidi ya mwenzake Géza Maróczy mjini New York mwaka 1924, baada ya kwenda bustani ya wanyama na kukutana na orangutani aitwaye Susan. Askari wa b4 anatwaa nafasi upande wa malkia, na askofu akishakaa b2 anaitawala njia ya mshazari hadi kona ya pili. Mtu ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuanza na hatua nyingine zaidi ya e4, yaani askari wa mbele ya mfalme, ndiye anayemrudisha askari wangu! Kwa mkono wenye makombo ya kashata! Kwamba baadaye alinishinda si hoja. Kushindwa kumo katika mchezo; kurudishiwa askari hakumo.

Kahawa Chungu: Pole sana, mkuu. Hata hivyo umesahau kutueleza kwamba katika pambano hilo la 1924 Tartakower alishindwa. Huenda mzee alikuwa anakuokoa.

Mleta uzi: Sizungumzii nani alishinda mwaka 1924. Nazungumzia mkono.

Msomi wa Makorora: Kwa kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, mchezaji aliye kwenye zamu akiigusa kwa makusudi kete ya mpinzani hulazimika kuila, iwapo inalika. Kwa kuwa hakuna kete nyeusi inayoweza kumla askari wa b4 katika hatua ya kwanza, mzee hakulazimika kula chochote, isipokuwa kashata yake.

Mleta uzi: Mwaka 1980 Tony Miles alimjibu Anatoly Karpov, bingwa wa dunia, kwa kumsogeza askari wa pembeni hadi a6, na akashinda. Karpov hakumrudisha nyuma askari wa mtu!

Kahawa Chungu: Naye Bent Larsen alianza na b3 dhidi ya Spassky, bingwa wa dunia wa wakati huo, mjini Belgrade mwaka 1970, akasalimu amri katika hatua ya 17. Laiti angekuwepo mzee wa kumrudishia askari.

Bi Chumbageni: Mnalia kwa ajili ya askari mmoja, ilhali mimi nina mpwa wa sekondari anayenidhalilisha ndani ya nyumba yangu. Nikianza na d4 ananitolea e5, nakula, kisha malkia wake anatua b4, ananipa shaha, yaani anamtishia mfalme wangu, na kumla askari wa b2. Nikileta askofu c3 kumfukuza, hatua chache baadaye malkia yuleyule yuko c1 na mfalme wangu hana pa kukimbilia. Halafu ananiomba hela ya vocha.

Baharia Mstaafu: Shangazi, huo ni mtego wa ufunguzi uitwao Englund. Peleka farasi c3 badala ya askofu, na mtego wote unaanguka. Fungua Lichess, tovuti ya chesi ambayo ni ya bure na haina matangazo. Ina sehemu ya kuchunguza funguzi, inayokuonyesha kwa kila hatua ni mara ngapi weupe walishinda na mara ngapi weusi.

Mtu wa Raskazone: Afadhali mtego. Jirani yangu huanza na e4, kisha humtoa mfalme hadi e2, na nikilalamika hunikumbusha kwamba magwiji wa chesi Carlsen na Nakamura walifanya hivyo mwaka 2021. Wale walikuwa wanataniana, na wakatoka sare. Jirani yangu hatanii, na mbaya zaidi ananishinda.

Mleta uzi: Naomba turejee kwenye mada. Alimshika. Akamnyanyua. Akamrudisha.

Bi Chumbageni: Baharia, farasi yupi huyo wa c3? Wa f3 au aliye bado nyumbani?

Baharia Mstaafu: Aliye nyumbani, b1. Kijana akileta askofu wake b4, wewe sogeza ngome b1, na malkia wake atalazimika kukimbilia a3.

Bi Chumbageni: Ahsante, mwanangu. Anarudi shule saa kumi, na ubao nimeshautandika.