Tupeane uzoefu: Krismasi ya nyumbani kwenu Moshi au Arusha huanza kuandaliwa lini, na nani hushika kazi?

Mwanzisha mada (Moshi mjini)

Habari za jioni ndugu zangu. Disemba imeingia na wengi tutapanda kwenda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani kwa ukoo, wengine Kibosho, wengine Machame, Marangu, Rombo, wengine upande wa Meru. Kila mwaka tunatumiana picha zilezile: mbuzi ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) mezani, watu wamependeza. Safari hii naomba tuongelee yanayotangulia meza. Nani kwenu hupika mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na alifundishwa na nani? Nani humenya ndizi? Nani hugawa nyama?

Nauliza kwa sababu kuna jambo linaniuma. Sisi wa mjini tunafika tarehe 24 usiku, tunakuta pombe imeshaiva na mbuzi amefungwa mgombani. Tunakula, tunashukuru, tunaondoka. Wanaoijua kazi yenyewe ni mama zetu na shangazi zetu, nao umri unakwenda. Basi tuandike kazi, sifa tuziache. Kama unajua namna inavyofanyika, ieleze mtu aweze kuifuata.

Mama Uru

Asante mwanangu kwa kuuliza. Mbege ya Krismasi haipikwi juzi yake. Ndizi nazikata mwanzoni mwa mwezi, naziweka darini juu ya jiko la kuni ziivie kule kwenye joto na moshi. Zikilainika kabisa zinamenywa na kuchemshwa kwenye pipa, kuni zisikatike, mpaka zigeuke nyekundu ya udongo. Hapo unaziacha zipoe na kuchachuka kwa siku kadhaa, ndiyo nyalu.

Ulezi nao una safari yake: unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa. Unga wake unapikwa uji, ndio mso, nao lazima upoe. Halafu unakamua nyalu, unachuja, unachanganya na mso. Ikilala usiku, asubuhi inatoa povu. Uchungu wake unatoka kwenye gome la mti wa msesewa. Mimi nalichemsha na kutia maji yake kidogo kidogo nikionja, maana likizidi pombe haiokoleki.

Nilifundishwa na mama mkwe wangu. Hakunipa kipimo hata kimoja, alinipa kuni za kuchochea, na kila mara aliniita nitazame rangi. Kata ya kwanza anapewa mkubwa wa nyumba, hata kama kuna mgeni mwenye cheo.

Mrombo

Shikamoo mama. Bibi yangu Rombo hakuchemsha msesewa, aliukausha na kuuloweka tu. Naona kila upande wa mlima una mkono wake.

Kazi yangu tangu utotoni ni damu ya mbuzi. Baba akichinja, mimi nakinga bakuli na kukoroga bila kupumzika isigande. Ukiacha kidogo tu, kisusio kimeharibika. Ile damu inaingia kwenye supu yenye utumbo uliokatwa vipande vidogo, moto mdogo, unakoroga tena. Tunakinywa siku ileile, wanaume wakiwa bado nje wanapasua nyama. Kidari hakiguswi mpaka babu afike, na ugawaji ni wa baba mkubwa peke yake. Mwaka huu ameniambia nisimame karibu yake nijifunze kipande kipi ni cha nani. Nimefurahi sana, kwa sababu ndugu kadhaa ugomvi wao ulianzia kwenye mgao uliokosewa.

Jirani wa Ngarenaro

Mimi ni Mwislamu, nimekulia Arusha mjini. Asubuhi ya Krismasi baba alikuwa akiitwa na majirani kuwachinjia, ili pilau ya siku hiyo iliwe na mtaa mzima. Mama alituma sahani za maandazi na sisi tuliletewa nyama na kreti la soda. Idi ikifika, mambo yanageuka. Sasa anaitwa kaka yangu.

Mjukuu wa Akheri

Sisi Wameru tuna loshoro. Mahindi yaliyokobolewa yanachemshwa usiku wa mkesha mpaka yalainike, yakipoa yanachanganywa na maziwa mgando. Kibuyu cha maziwa kifukizwe kwanza kwa kijinga cha moto, vinginevyo ladha haipo. Kwetu ni walokole, pombe haiingii, na baada ya nyama nyingi hicho ndicho kinachotafutwa.

Dada wa Machame

Naomba niutetee mtori wa tarehe 26. Watu wanauchukulia kama kiporo, wakati kwetu ndio mlo wa ukoo, unaliwa asubuhi kabla ya kikao. Mifupa inachemshwa mpaka nyama iachie. Ndizi mshare unazimenya mikono ikiwa na mafuta, kwa ajili ya utomvu, na kuzitumbukiza majini zisiwe nyeusi. Zinaiva ndani ya supu ileile na kitunguu, kisha unaponda kwa mwiko. Tafadhali msitumie mashine! Mtori wa mashine unanata na unapoteza zile chembe ndogo za ndizi ambazo ndizo utamu wenyewe. Nyama iliyochambuliwa inarudi mwishoni. Ni chakula kilekile anachopewa mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, ndiyo maana kwetu kazi hii hukabidhiwa aliyewahi kumhudumia mzazi.

Mama wa wawili (Dar)

Nimesoma yote na nimeamua. Kila mwaka nilingoja likizo yangu, na wiki ya Krismasi tiketi za basi ni vita. Treni ya kwenda Moshi ilirudi mwaka 2019, kwa hiyo wanangu watatangulia na shangazi yao shule zikifungwa, mimi nitafuata. Wa kwanza ana miaka 14. Mama Uru, kwetu ni hapo jirani, Old Moshi, lakini mama yangu hapiki tena, mgongo umemchosha. Naomba uwapokee wasaidie kazi ya mbege.

Mama Uru

Waje mwanangu, na bibi yao nitamfuata aje akae kwenye kiti awaelekeze, maana pombe ya Old Moshi anaijua kuliko mimi. Ulezi nautafuta Jumamosi. Wabebe nguo za kazi, doa la mgomba halitoki.